Farasi Si Kichaa, Ni Wewe Umemng'ang'ania

Kuna neno nimechoka kuliskia kwenye mazizi ya farasi hapa Nairobi, na neno lenyewe ni "kichaa". Huyo ni kichaa. Huyo amewehuka. Usipande huyo, atakuua. Na kila nikiuliza huyo kichaa amefanya nini haswa, jibu ni moja: anaenda sana. Yaani umelipa pesa ukalie mnyama aliyezaliwa kukimbia, akakimbia, halafu wewe ndio unalia. Manze, hiyo ni kama kununua nduthi halafu ulalamike ina magurudumu.

Kabla mniulize mimi ni nani: niliacha kampasi mwaka wa pili, sina cheti cha chochote na sijawahi kushinda hata kikombe cha plastiki juu ya farasi. Wikendi huwa nashuti video kwenye zizi moja upande wa Ngong, na sehemu ya malipo yangu ni kupanda. Hiyo ni miaka mitatu sasa. Lakini kitu kimoja nakijua kuliko wengi wenye vyeti, ni kukata video. Msee akikimbizwa na farasi, yeye anakumbuka tu upepo na hofu. Mimi naenda nyumbani na klipu, naipunguza kasi, naipitia fremu kwa fremu, naona nani alianza. Na karibu kila mara aliyeanza ni yule amekaa juu.

Ukiangalia polepole, mambo yanafuatana hivi. Farasi anaongeza mwendo kidogo, kidogo tu, labda ameskia pikipiki nyuma ya ua. Mpandaji anashtuka. Mabega yanaenda mbele, visigino vinapanda juu, magoti yanabana kama koleo, mikono inavuta hatamu na haiachilii. Farasi anaongeza mwendo zaidi. Mpandaji anabana zaidi. Sekunde nne baadaye wako upande ule mwingine wa uwanja na mtu anapiga nduru. Halafu jioni msee anaposti: "Leo kichaa karibu anitoe roho." Buda, wewe ndiye ulimwambia akimbie. Ulimwambia mara tatu.

Hapa ndipo inabidi mjue hawa farasi wametoka wapi, kwa sababu hakuna anayewaambia wateja. Wengi wa farasi wepesi unaowapata kwenye mazizi ya Karen na Ngong ni thorobredi, na thorobredi wa hapa wengi wamepitia mbio za Ngong Racecourse, ule uwanja ulio Barabara ya Ngong tangu 1954. Farasi wa mbio anaanza kazi akiwa mtoto. Anaweza kushindana akiwa na miaka miwili, na Kenya Derby yenyewe ni ya wenye miaka mitatu. Akifika mitano au sita, kama hashindi, anatafutiwa kazi nyingine. Anauzwa bei ya chini, anakuja kwenye zizi la kupandwa na watu kama mimi na wewe.

Sasa fikiria amefundishwa nini hiyo miaka yote. Joki hakai, anachuchumaa juu ya mabega ya farasi, vikuku vifupi, matako hewani. Na joki anaposhika hatamu kwa nguvu, si breki. Farasi wa mbio anajifunza kuegemea ule mkono. Akiskia umeshikwa vizuri, anajua kazi imeanza, anauegemea na kusukuma. Ukiachia ghafla mwisho wa mazoezi, hapo ndipo anajua mambo yameisha, anaweza kupumzika.

Kwa hivyo wewe mgeni wa Jumamosi unapoinama mbele, umekuwa joki. Ukibana miguu, umemsukuma. Ukivuta hatamu bila kuachilia, umempa kitu cha kuegemea. Farasi anaskia sentensi moja safi kabisa: twende. Na akienda, anatii. Mnamwita kichaa kwa kutii.

Nikisema haya huwa kuna wale wajuaji wa zizi, mnawajua, wale wenye buti refu na sauti ya sajini. Wao dawa yao ni moja: mwonyeshe nani mkubwa. Vuta. Na akikataa, mbadilishie lijamu, mwekee kali. Kuna zile zenye vyuma virefu vya pembeni zinazofanya kazi kama wenzo, ukivuta kidogo mdomoni inafika kubwa. Kuna za waya uliosokotwa. Akizizoea hizo, wanatafuta nyingine kali zaidi. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima, na hawakuwa wanaongea kuhusu farasi, lakini wangekuwa.

Hebu weka kidole chako kwenye ufizi, pale mbele ambapo hakuna nyama, ubonyeze ukucha. Lijamu inakaa kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego ya farasi, na hapo chini ni mfupa ambao umefunikwa na ngozi nyembamba tu. Huyu ni mnyama ambaye inzi akitua ubavuni anamskia na kuitikisa ngozi pale pale. Sasa mtu wa kilo sabini anamning'inia hapo mdomoni. Ukiumia wewe utafanya nini? Utakimbia. Farasi ni mnyama anayewindwa, uchungu na hofu kwake vina jibu moja, na jibu hilo lina miguu minne.

Na hata tukiacha huruma kando, hesabu yenyewe haikubali. Thorobredi ana kilo kama mia tano. Wewe ukivutana naye kamba, utashinda siku gani?

Sasa, kwa sababu kulalamika bila kusema cha kufanya ni kazi ya wanasiasa, niseme kile nimeona kikifanya kazi.

Kwanza ni kukaa. Kukaa kwenyewe, siyo hatamu. Kaa kwenye benchi la mbao saa hii na uskie ile mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Hiyo ndiyo inafaa kugusa tandiko, yote miwili, sawasawa. Mtu akikutazama kutoka ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja. Kipimo ni rahisi: farasi akitoweka ghafla chini yako, utatua ukiwa umesimama? Wengi wetu tungetua kwa pua. Wengine, wale wanaokaa kama wako kwenye kochi la sebuleni na miguu mbele, wangetua kwa mgongo. Yule wa pua anamwambia farasi aende. Yule wa mgongo anamgonga kiunoni kila hatua, na farasi aliyezoea joki asiyekaa anauhisi huo uzito ukidunda anaukimbia.

Macho mbele. Kichwa chako kina kilo kama tano, ukiangalia chini kwenye singa za farasi, mgongo wote unafuata. Na ukiangalia chini hujui unaenda wapi, na yeye pia hajui.

Halafu pumua. Najua inaskika kama mambo ya yoga ya Westlands, lakini angalia klipu yoyote ya mtu anayekimbizwa: kifua kimeganda. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio moja fiti sana. Waliambia watu wapite na farasi mahali fulani mara nne, na kabla ya ile ya nne wakawaambia kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia. Farasi hakuambiwa chochote kuhusu mwavuli! Aliambiwa na mwili wa binadamu wake. Kwa hivyo ukipanda ukisubiri kukimbizwa, umeshamjulisha.

Dawa ya kupumua ni kuimba. Siwatanii. Huwezi kuimba huku umeziba pumzi. Imba chochote, hata tangazo la sabuni. Kuna dada mmoja hapo zizini, anasomea uuguzi, alikuwa anakimbizwa kila Jumamosi mpaka akaanza kuimba nyimbo za kwaya kwenye matiti, na farasi akashuka mwendo kama aliyewekewa spika ya usingizi. Tulicheka sana, lakini video iko.

Kuhusu matiti, ule mwendo wa mapigo mawili ambao unainuka na kukaa, hapo kuna siri ambayo wengi hawaambiwi. Ukifuata kasi ya farasi, yeye ndiye dereva. Lakini ukiinuka polepole kidogo kuliko anavyotaka, ukabaki juu nukta zaidi kabla ya kukaa, farasi mwepesi wa kuhisi atarudi kwenye hesabu yako. Mwili wako unakuwa ngoma, yeye anacheza. Hujagusa mdomo wake hata. Mara ya kwanza nilipoona hiyo nikidhani ni uchawi, nikarudia klipu mara kumi kutafuta mkono ulipovuta. Haukuvuta.

Sasa miguu. Hapa ndipo watu wengi wanabisha nami. Ukipewa farasi anayeenda sana, akili inakwambia uweke miguu mbali naye, kama mtu aliyepanda jiko la moto. Matokeo yake ni kwamba mguu ukimgusa kwa bahati mbaya, anashtuka na kuruka. Mguu unafaa kukaa pale, mlegevu, umening'inia ukimgusa kama taulo lililolowa maji, muda wote, hadi aache kuuona kama habari mpya. Magoti yasibane. Goti likibana, kisigino kinapanda, na mwili wote unapanda nao kama sabuni iliyofinywa. Mguu uliotulia ndio unaomtuliza farasi mwenye haraka. Inaskika kinyume, najua. Jaribu kwenye hatua ya kutembea kwanza.

Na mikono, mwishoni, kwa sababu ndiyo inafaa kuja mwishoni. Viwiko vimekunjwa, mstari ulionyooka kutoka kiwiko hadi lijamu. Shika na uachie. Shika sekunde moja ukiwa umekaa imara, tumbo limekaza, kisha achia, hata kama hajapunguza. Tena. Tena. Kile kuachia ndiyo ujumbe, kwa sababu huwezi kuegemea ukuta ambao haupo. Farasi akivutwa moja kwa moja anapata mguu wa tano. Kama mikono yako haijatulia bado, mfungie mkanda wa ngozi shingoni uushike huo. Si aibu. Hata wapandaji wakubwa duniani wanauvaa.

Usimpeleke kwenye mstari mrefu ulionyooka halafu ushangae. Duara la mita ishirini, badilisha upande, duara tena, simama, tembea, matiti hatua kumi, tembea. Farasi mwenye akili nyingi anataka kazi, na ukimnyima anajitengenezea yake. Na ikitokea ameenda kabisa, usivute hatamu zote mbili ukimlilia mama. Kaa chini, pumua, mgeuze pole pole kwa hatamu moja kwenye duara kubwa, ulipunguze duara. Usimgeuze ghafla akiwa shoti, mtaanguka wote wawili. Na helmeti, tafadhali. Nimeona wasee wanaondoa helmeti ndio nywele zitokee vizuri kwenye picha. Mimi siposti hizo, hata ukinilipa.

Hakuna jipya hapa, na ndiyo inaniudhi. Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kuhusu farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na ndani yake kuna sura nzima ya farasi wenye moto. Ushauri wake ni kwamba farasi wa aina hiyo usimchokoze, usimshtue kwa ishara za ghafla, na lijamu laini ni bora kuliko kali. Na Federico Caprilli, afisa wa jeshi la farasi la Italia aliyefariki 1907, aligeuza kila kitu kwa kukataa ile mila ya kuegemea nyuma na kumvuta farasi mdomo akiruka kiunzi. Yeye alisema mpandaji ndiye amfuate farasi. Walimcheka. Leo dunia nzima inaruka kwa mtindo uliotokana na wake. Kule Vienna, kwenye ile Shule ya Kihispania ya Farasi, mwanafunzi anaanzia kwenye kamba ndefu ya mazoezi, bila hatamu, bila vikuku, hadi makalio yake yajifunze kunyamaza. Hapa kwetu unalipa, unapandishwa, unapewa hatamu dakika ya kwanza, na simu ishatolewa.

Mkitaka kuona falsafa ya "mwonyeshe nani mkubwa" inaishia wapi, kumbukeni Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021. Mashindano ya pentathlon ya kisasa, wanawake. Kwenye mchezo huo ulikuwa unapewa farasi usiyemjua kwa kura, na dakika ishirini za kuzoeana naye. Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza. Akapewa farasi anaitwa Saint Boy, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa ameshamkatalia mpandaji mwingine. Farasi akagoma. Dunia nzima ikaona mwanamke analia, anavuta na kupiga kwa wakati mmoja, na kochi wake kando ya ua anamwambia apige, apige kweli. Kochi mwenyewe, Kim Raisner, akampiga farasi ngumi, akafukuzwa kwenye michezo iliyobaki. Schleu akamaliza nafasi ya 31. Kufikia Novemba mwaka huo shirikisho la mchezo lilikuwa limeamua kuondoa farasi kabisa, na Paris 2024 ikawa ya mwisho.

Watu walimtukana huyo dada vibaya, na mimi simtukani. Aliwekwa juu ya mnyama anayeogopa, akiwa na dakika ishirini, na mtu anayemwamini akimwambia apige. Vuta huku ukisukuma: hiyo ni kukanyaga breki na mafuta pamoja. Hakuna matatu ingeelewa hiyo, sembuse farasi.

Sasa niwaambie kwa nini hii inanichoma siku hizi. Pale zizini kuna farasi jike mwekundu, miaka saba, ametoka mbioni. Mwepesi kama ulimi. Mwaka huu ameangusha wateja watatu, na nina klipu za wote watatu, na kwenye zote hatamu zimevutwa kabla hajaanza kukimbia. Mwenye zizi anasema farasi anakula pesa na haleti pesa, na kwa hesabu zake hajakosea, nyasi kavu zimepanda bei. Kwa hivyo ataondoka. Farasi aliyekwisha kuitwa kichaa hana wanunuzi wengi, na wale wachache wanaokuja hawaji kwa sababu wanampenda.

Na huyu farasi kila asubuhi saa kumi na mbili anapandwa na saisi mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu kutoka Kibiko, na hatamu zimelegea kama kamba ya nguo. Anamgeuza kwa kiuno. Anamsimamisha kwa kupumua. Nimemrekodi akimsimamisha kutoka mbio nyepesi huku mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, chai haikumwagika yote. Nikamuuliza amefanya nini, akaniambia, "Mimi sijafanya kitu, kijana. Ni wewe unafanya mingi." Huyo mzee hajawahi kulipwa kufundisha mtu. Kazi yake kwenye karatasi ni kusafisha kinyesi na kutandika. Anayefundisha ni yule wa buti refu, anayelipwa kwa saa moja pesa ambazo saisi anazipata kwa siku kadhaa, na somo lake ni vuta.

Mtaniambia haya ni mambo ya watoto wa Karen, sisi wa Umoja na Kayole tunahusika wapi. Tunahusika kwa sababu ni sisi tunaowalisha, kuwaosha na kuwapanda hao farasi kabla jua halijatoka, na ni sisi tunaojaza Jumamosi kwa zile safari za nusu saa. Ujuzi uko kwetu tayari, umevaa gambuti na ovaroli. Kinachokosekana ni mtu wa kuulipia.

Nimempa mwenye zizi pendekezo, nalirudia hapa hadharani ndio asiseme hakuliskia. Kila mgeni aanze na dakika ishirini kwenye kamba ndefu, bila hatamu. Saisi ndiye ashike ile kamba na alipwe bei ya mwalimu. Lijamu za waya zitolewe ukutani. Na yule jike mwekundu apewe miezi mitatu, apandwe tu na waliopitia kamba. Mimi nitashuti video za hiyo miezi mitatu bure, zote, hata akianguka mtu. Amesema atanijibu Ijumaa.

Na wewe unayepanga kwenda wikendi hii na mbogi yako, ukifika, kabla hujauliza yupi anapendeza kwa picha, uliza kama kuna kamba. Wakikwambia hiyo ni ya watoto, panda farasi mwingine kwenye zizi lingine.